Kiti Kimoja, Kura Mbili: Jinsi Rwanda Ilivyoondolewa Vikwazo vya Silaha

Muhula uliopita tulifanya kikao kilichomalizika kwa watu kununiana. Swali liliandikwa ubaoni kwa mstari mmoja: je, Umoja wa Mataifa ulifanya vyema kuiondolea Rwanda vikwazo vya silaha mwaka 1995? Haikupita nusu saa, chumba kikawa kimegawanyika. Wenzetu ambao wazazi wao wanatoka Kigali na Butare walisema kuuliza swali hilo ni sawa na kumwuliza aliyezima moto kwa nini alibeba ndoo. Wenzetu wa Goma na Bukavu wakajibu kwamba ndoo hiyo iliishia kumwagwa juu ya paa lao, tena haikuwa na maji. Wengine wetu, wa Kigoma, Mombasa na Unguja, tulijaribu kusuluhisha tukashindwa, kwa sababu ilidhihirika kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa amesoma azimio lenyewe.

Basi tukagawana kazi wakati wa likizo, na makala hii ni matunda yake. Tumeiandika pamoja, watu wa pande zote, na kila aya imepita mikononi mwa waliokuwa wamenuniana. Tulichokiona ni kwamba ubishi wetu ulikosea lengo. Sote tulibishana kama vikwazo viliondolewa kwa haki au la, ilhali penye kasoro kubwa ni namna vilivyoondolewa: nchi moja ilifunguliwa mlango, na majirani zake wakaachwa bila mapatano yoyote nayo.

Kura ya kwanza: Mei 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Aprili 1994, baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa usiku wa tarehe 6 ikirudi Kigali kutoka mkutanoni Dar es Salaam. Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi alikuwa ndani ya ndege hiyo hiyo. Tarehe 21 Aprili, watu wakiendelea kuuawa, Baraza la Usalama lilipitisha azimio 912 na kupunguza kikosi cha walinda amani hadi watu 270 tu. Wiki moja baadaye, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, Tanzania.

Vikwazo vya silaha vilikuja tarehe 17 Mei, katika azimio 918, karibu wiki sita tangu mauaji yaanze. Sehemu ya vikwazo ilipigiwa kura peke yake. Wajumbe 14 waliikubali, mmoja akaikataa. Aliyeikataa ni Rwanda.

Hapo baadhi yetu tulidhani tumesoma vibaya. Kumbe Rwanda ilikuwa imeingia barazani Januari 1994 kama mjumbe asiye wa kudumu, kwa kipindi cha miaka miwili. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mwakilishi wa serikali ya mpito, yaani serikali ile ile ambayo askari wake na wanamgambo wa Interahamwe walikuwa wakiua raia. Mwakilishi huyo alisikiliza, akazungumza, akanyoosha mkono kupinga. Kwa kuwa hakuwa na kura ya turufu, azimio lilipita.

Lilipita, lakini halikuzuia mengi. Mapanga yalikwisha kuingizwa nchini kabla ya hapo, na panga ni chombo cha shamba. Hakuna forodha inayolizuia. Bunduki na maguruneti vilikuwa vimeshagawiwa. Tangu Januari 1994, Jenerali Roméo Dallaire, mkuu wa walinda amani, alikuwa ameiarifu New York kwamba mjini Kigali kuna maghala ya siri ya silaha, naye hakuruhusiwa kuyavamia.

Hata silaha mpya zilipata njia. Mwezi Juni 1994, safari mbili za ndege zilibeba silaha kutoka Seychelles hadi Goma. Hati zilionyesha kwamba mnunuzi ni Zaire. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa iliona baadaye kuwa kulikuwa na uwezekano mkubwa sana kwamba vikwazo vilivunjwa, na jina la Kanali Théoneste Bagosora lilitajwa katika biashara hiyo. Bagosora ndiye ambaye mahakama ya Arusha ilimhukumu mwaka 2008 kifungo cha maisha, kikapunguzwa kwenye rufaa mwaka 2011 kuwa miaka 35. Silaha zenyewe zilikuwa na kisa chao: Seychelles ilikuwa imezikamata mwaka 1993 melini zikiwa njiani kwenda Somalia, nchi ambayo nayo ilikuwa chini ya vikwazo. Mzigo ulionaswa kwa sababu ya vikwazo vya nchi moja ukauzwa kwa kukwepa vikwazo vya nchi nyingine.

Kisa cha pili kinatuhusu sisi tunaoishi hapa Uingereza. Novemba 1996, kambi za wakimbizi karibu na Goma zilipovunjika, zilikutwa nyaraka za kampuni iitwayo Mil-Tec, iliyoandikishwa Isle of Man. Zilionyesha mauzo ya silaha ya mamilioni ya dola kwa serikali ya mauaji kati ya Aprili na Julai 1994, mengine yakiwa baada ya tarehe 17 Mei. Ilipochunguzwa, ilibainika kwamba amri ya Uingereza ya kutekeleza azimio 918 haikuwa imefikishwa hadi Isle of Man. Uingereza ilikuwa imenyoosha mkono kukubali vikwazo New York, kisha ikasahau kufunga dirisha la kisiwa kilicho kando yake. Hakuna aliyeshtakiwa.

Wenye nchi walibadilika, vikwazo vikabaki

Tarehe 4 Julai 1994 jeshi la RPF liliingia Kigali, na tarehe 19 Julai serikali mpya ikaapishwa, Pasteur Bizimungu akiwa rais na Paul Kagame makamu wake. Serikali ya zamani ilivuka mpaka na kuingia Zaire. Ilivuka na hazina, magari, maofisa wa utawala, wanajeshi na wanamgambo, na mbele yake ikaswaga umati wa watu. Katika siku chache watu wapatao milioni moja waliingia eneo la Goma. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache.

Sasa tazama hali ya vikwazo. Azimio 918 lilikuwa limekataza kupeleka silaha "Rwanda". Waliosababisha azimio hilo liandikwe hawakuwa tena Rwanda. Walikuwa Mugunga, Kibumba na Katale, katika ardhi ya Zaire, wakigawa chakula cha msaada na kufanya mazoezi ya kijeshi. Aliyekuwa Rwanda, na ambaye kwa hiyo alifungwa na vikwazo, ni yule aliyekomesha mauaji. Vikwazo viliandikwa kwa jina la nchi, nayo vita vilikuwa vikitembea na watu.

Hii ndiyo hoja ambayo serikali mpya iliisukuma kwa mwaka mzima, na sote, hata tuliotoka Bukavu, tulikubaliana kwamba ilikuwa hoja nzito. Mwezi Mei 1995 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyoonyesha kwamba jeshi lililoshindwa lilikuwa likijihami upya ndani ya Zaire. Tarehe 9 Juni 1995 Baraza lilipitisha azimio 997, likifafanua kwamba vikwazo vinawahusu pia watu walioko nchi jirani ikiwa silaha zao zimekusudiwa kutumika Rwanda. Azimio hilo lilimwomba Katibu Mkuu azungumze na majirani kuhusu kuweka waangalizi wa kijeshi kwenye viwanja vya ndege na vivuko vya mipakani. Zaire haikukubali waangalizi. Ilipendekeza badala yake iundwe tume ya kimataifa ya uchunguzi. Tume huja baada ya mzigo kupita. Mwangalizi ndiye anayeuona ukishushwa.

Lakini kuna tarehe nyingine ambayo upande wa pili wa chumba chetu haukutaka ipitwe, nasi tumeiweka. Tarehe 22 Aprili 1995, miezi minne tu kabla ya vikwazo kuondolewa, askari wa serikali mpya walifyatulia risasi kambi ya wakimbizi wa ndani huko Kibeho, kusini mwa Rwanda. Serikali ilitangaza kuwa waliokufa ni 338. Askari wa Australia wa kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokuwepo pale na kuanza kuhesabu maiti, walikadiria kuwa idadi inafika maelfu. Kwa hiyo Baraza lilipoulizwa Agosti, "Je, tuiamini serikali hii na bunduki?", Kibeho ilikuwa ingali mbichi.

Kura ya pili: Agosti 1995

Tarehe 16 Agosti 1995 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 1011 kwa kauli moja. Rwanda ilikuwa bado mjumbe. Kipindi chake kilikuwa kinaisha Desemba. Kiti ni kile kile, bendera ni ile ile, ila aliyekikalia sasa alitumwa na serikali iliyoing'oa ile iliyomtuma mwenzake wa mwaka 1994. Mwaka ule kiti cha Rwanda kilipinga kuwekwa kwa vikwazo. Mwaka huu kilipiga kura ya kuviondoa. Mtu akisoma daftari la kura bila kujua historia ataona nchi yenye msimamo mmoja usioyumba.

Azimio lenyewe halikuwa la kufungua mlango wote kwa mara moja. Lilisimamisha vikwazo kwa serikali ya Rwanda hadi tarehe 1 Septemba 1996, na kuanzia siku hiyo vingekoma kabisa, ila Baraza likiamua vinginevyo. Silaha zingeingia kupitia vituo maalumu ambavyo orodha yake ingepelekwa kwa Katibu Mkuu. Nchi inayouza ilitakiwa kuiarifu kamati ya vikwazo, nayo Rwanda ilitakiwa kuzitia silaha alama, kuziandikisha na kutoa taarifa. Vikwazo dhidi ya wasio wa serikali, yaani jeshi la zamani na Interahamwe, vilibaki palepale. Na kulikuwa na sharti moja ambalo tulilisoma mara tatu: silaha zilizouzwa kwa serikali ya Rwanda zisiuzwe tena, zisihamishwe, wala zisitolewe zitumiwe na nchi jirani au na mtu asiye katika utumishi wa serikali hiyo.

Kwa nini mara tatu? Kwa sababu sharti hilo linalinda bunduki isibadilishe mikono. Halisemi neno kuhusu bunduki inayovuka mpaka ikiwa begani mwa mwenyewe. Ni kweli Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kuivamia nyingine, na pengine waandishi wa azimio waliona hiyo inatosha. Lakini wao walikuwa wakiandika masharti kuhusu eneo lenye majeshi mawili yanayotazamana ng'ambo ya ziwa, na kila moja likiapa litamaliza kazi. Hatari iliyo wazi kuliko zote haikupata hata kifungu kimoja.

Jibu la Zaire halikuchelewa. Serikali yake ililalamikia uamuzi huo, na tarehe 19 Agosti, siku tatu tu baada ya kura, askari wa Zaire walianza kuwafukuza wakimbizi kwa nguvu. Maelfu walisukumwa kurudi Rwanda kwa malori, na wengine wengi wakakimbilia milimani, kabla zoezi halijasitishwa. Waliolipa gharama ya kwanza ya azimio 1011 walikuwa watu waliobeba magodoro kichwani. Zaire ilikuwa imekataa waangalizi, na sasa ilitumia wakimbizi kutuma barua yake.

Mambo yaliyofuata tutayataja kwa mpangilio wake. Machi 1996 walinda amani wa Umoja wa Mataifa waliondoka Rwanda kwa matakwa ya serikali yake. Tarehe 1 Septemba 1996 vikwazo kwa serikali vilikoma kabisa. Oktoba vita vilianza Kivu. Novemba kambi za Goma zilivunjika, na zaidi ya nusu milioni ya watu wakarudi Rwanda kwa miguu. Wengine wakakimbilia magharibi ndani ya misitu ya Kongo. Tarehe 17 Mei 1997, miaka mitatu kamili tangu azimio 918, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa. Julai mwaka huo Kagame mwenyewe alikiri hadharani, katika mahojiano na gazeti la Washington Post, kwamba askari wa Rwanda walishiriki katika vita hivyo. Yaliyowapata wakimbizi misitu­ni yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyochunguza matukio ya 1993 hadi 2003. Rwanda iliikataa ripoti hiyo.

Mwaka ule ule, mahali pengine

Mtu anaweza kusema Baraza halikuwa na njia nyingine. Sisi tulitafuta kama kuna kesi ya kulinganisha, tukaipata karibu mno: miezi mitatu baadaye, mezani pale pale.

Tarehe 22 Novemba 1995, siku moja baada ya mapatano ya Dayton kukubaliwa, Baraza lilipitisha azimio 1021 la kuondoa vikwazo vya silaha vilivyowekwa mwaka 1991 juu ya nchi zote za iliyokuwa Yugoslavia. Huko pia kulikuwa na malalamiko yanayofanana na ya Kigali: serikali ya Bosnia ilikuwa imelia kwa miaka kwamba vikwazo vinamfunga mikono anayeshambuliwa, ilhali mshambulizi ana maghala ya jeshi la zamani. Lakini tazama namna vilivyoondolewa. Siku 90 za kwanza, hakuna kitu. Baada ya hapo, silaha ndogo ziliruhusiwa, lakini si silaha nzito, risasi zake, mabomu ya kutegwa ardhini, wala ndege za kivita. Siku ya 180 vyote vingekoma. Na sambamba na ratiba hiyo, majirani walilazimishwa kukaa meza moja kupatana viwango. Mkataba ukasainiwa Florence tarehe 14 Juni 1996: Yugoslavia, Kroatia na Bosnia kwa uwiano wa 5 kwa 2 kwa 2, kila moja ikiambiwa idadi ya vifaru, magari ya deraya, mizinga, ndege na helikopta inayoruhusiwa. Kufikia mwisho wa Oktoba 1997 silaha nzito zaidi ya 6,500 zilikuwa zimeharibiwa.

Hatudai kwamba Maziwa Makuu ni Balkani. Bosnia ilikuwa na askari wapatao 60,000 wa NATO kusimamia mapatano. Kivu haikuwa na hata mwangalizi mmoja uwanjani Goma. Lakini tofauti hiyo hiyo ndiyo hoja yetu. Baraza lile lile, mwaka ule ule, lilijua fika kwamba kuondoa vikwazo ni jambo la majirani. Lilijua lilipoitazama Ulaya. Lilipotazama Rwanda lilishughulika na serikali moja, likaipa fomu za kujaza, likamwachia jirani yake malalamiko.

Tulipofikia

Kwa hiyo jibu letu la pamoja ni hili. Kuiondolea Rwanda vikwazo ilikuwa haki, kwa sababu kuviacha ni kumfunga aliyekomesha mauaji na kumwacha huru aliyeyatenda. Hapo wenzetu wa Kigali wana haki yao. Lakini kuviondoa bila waangalizi upande wa Zaire, bila kuwatenganisha wenye silaha na wakimbizi kambini, na bila mapatano ya viwango na mipaka, ilikuwa ni kuupa mgogoro risasi na kuuita amani. Hapo wenzetu wa Goma wana haki yao pia. Hatukukubaliana juu ya kila kitu. Suala la nani angeanza vita kama vikwazo vingebaki tumeliacha, maana lilitaka kuturudisha kwenye kununiana.

Wala haya si ya kale tu. Mwaka 2003, kwa azimio 1493, vikwazo viliwekwa mashariki mwa Kongo. Machi 2008 viliondolewa kwa serikali ya Kinshasa na kubaki kwa makundi mengine yenye silaha. Julai mwaka huo huo, kwa azimio 1823, masalia ya vikwazo vya Rwanda yalifutwa. Desemba 2022 Kongo iliondolewa hata wajibu wa kuarifiwa kwa kamati silaha zinapouzwa kwa serikali yake, na Desemba 2023 serikali ya Somalia nayo iliondolewa vikwazo vilivyodumu tangu 1992, huku Al-Shabaab ikibaki chini yake. Kila mara muundo ni ule wa 1995: serikali hufunguliwa, makundi hubanwa, na mpaka kati ya nchi na nchi huachwa kama ulivyo. Januari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia Goma, baadhi ya wanachama wetu walikaa siku kadhaa bila kupata simu ya nyumbani.

Kwa walimu wetu tuna ombi moja. Kwenye somo la uhusiano wa kimataifa tunafundishwa vikwazo vinavyowekwa, nani alipiga kura gani na kwa nini. Tunaomba tufundishwe pia vinavyoondolewa, maana siku hiyo ndiyo huamua kitakachotokea kwa jirani. Kwa wanachama: kikao kijacho tutasoma azimio 1493, neno kwa neno. Njooni mmelisoma.